Nani anapiga hiyo ngoma? Kikundi cha ukoo, Ijumaa usiku

Idi: Assalaam alaikum wote. Shikamoo mjomba, shikamoo mama. Jana nimemaliza kuangalia Mission: Impossible ya 2025, The Final Reckoning. Nataka tuongee muziki tu. Stelingi na ndege yake tuwaache kwanza.

Mjomba Salim: Waalaikum salaam, marahaba. Nami nimeiona, Zuhura aliniwekea. Muziki gani lakini? Karibu saa tatu nzima matarumbeta na ngoma za kompyuta, na ukiniambia sasa hivi niimbe hata kipande, sina. Isipokuwa ule wimbo wa zamani.

Kaka Rashidi: Shikamoo mjomba. Hapo umewaonea. Muziki wa sasa haukutungwa mtu aende nao bafuni, umetungwa umkabe koo palepale alipokaa. Ile sehemu ya manowari iliyozama mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kiti. Muziki ulikuwa unafanya kazi yake.

Mjomba Salim: Marahaba. Ukipiga chochote kwa nguvu gizani, mtu atang'ang'ania kiti.

Idi: Watunzi safari hii ni wawili, Max Aruj na Alfie Godfrey. Aruj alikuwa akimsaidia Lorne Balfe, yule wa Fallout ya 2018 na Dead Reckoning ya 2023. Balfe naye alikulia kazini kwenye studio ya Hans Zimmer. Na Zimmer mwenyewe ndiye aliyetunga ya pili, ya mwaka 2000. Kwa hiyo ni kama chuo kimoja, mwalimu, mwanafunzi, mjukuu.

Mjomba Salim: Ndiyo maana zinafanana!

Zuhura: Baba, subiri. Wimbo uliobaki kichwani mwako si wa chuo hicho. Ni wa Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, Argentina, mwaka 1932. Alisomea Paris kwa Olivier Messiaen, akaja kuwa mpiga piano wa Dizzy Gillespie, ndipo akaingia kwenye filamu. Wimbo huo aliutunga 1966 kwa ajili ya mchezo wa televisheni wa Mission: Impossible, uliozaa filamu hizi. Alifariki Juni 2025, filamu ikiwa ndiyo kwanza imetoka. Miaka 59 ilikuwa imepita na hakuna mtunzi hata mmoja wa mfululizo huo aliyethubutu kuuacha nje.

Mama: Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa. Jamani, mchango wa maulidi mbona umekwama kwa watu wanne?

Kaka Rashidi: Mama, natuma kesho asubuhi inshallah.

Zuhura: Sasa sikilizeni kwa nini hausahauliki. Pigeni meza: ndefu, ndefu, fupi, fupi. Ndefu ina mapigo madogo matatu, fupi mawili. Jumla kumi, yaani tano mara mbili. Nyimbo nyingi tunazocheza zina nne, mguu unajua utatua wapi. Huu una tano, mguu unabaki hewani. Na kwenye alama za simu za zamani, zile za Morse, herufi M ni ndefu mbili na I ni fupi mbili. Herufi za jina la mchezo zenyewe.

Idi: Nimepiga meza hapa, jirani amenigongea ukuta.

Zuhura: Halafu mwaka 1996 filamu ya kwanza ilipotoka, wawili wa bendi ya U2, Larry Mullen na Adam Clayton, wakaunyoosha uwe wa nne ili upigwe disko. Uliuzika sana. Mimi naona waliuvunja mgongo.

Mjomba Salim: Huyo Schifrin ndiye yule wa Enter the Dragon?

Zuhura: Ndiye. 1973.

Mjomba Salim: La ilaha illallah. Ile picha ya Bruce Lee tuliitazama Majestic hapa Tanga, na tulitoka tunauimba muziki wake mpaka Ngamiani. Miaka yote hiyo sikujua ni mtu mmoja. Sasa ngojeni niwaambie picha yangu. Natuma sauti.

Mama: Kaka andika, mimi niko msibani siwezi kusikiliza sauti.

Mjomba Salim: Haya naandika, mnivumilie vidole. Sholay, picha ya Kihindi ya 1975, muziki wa R. D. Burman. Watu wote wanakumbuka kinanda cha mdomo cha Amitabh jioni, au kicheko cha Gabbar. Mimi nakumbuka Basanti anapofukuzwa na majambazi kwenye gari lake la farasi. Hakuna matarumbeta pale. Kuna tabla, zile ngoma mbili za Kihindi! Mzee Samta Prasad wa Banaras ndiye aliyepiga. Kwato za farasi zinakwenda, tabla inakwenda nazo, kisha tabla inazipita kwato, na wewe uliyekaa unaona farasi hatoshi, lazima aongeze mwendo. Mikono miwili ya binadamu inakimbiza ukumbi mzima. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Hiyo ndiyo ninayoita picha ya mapigano yenye muziki. Mnipe hata moja ya leo inayoweza hivyo.

Kaka Rashidi: Monkey Man, 2024. Ya Dev Patel.

Mjomba Salim: Sijaiona.

Kaka Rashidi: Mtunzi wa filamu yote ni Jed Kurzel, lakini kuna mahali stelingi anafanya mazoezi ya ngumi kwenye gunia, na pembeni amekaa Ustadh Zakir Hussain mwenyewe na tabla zake. Anapiga neno, kijana analijibu kwa ngumi. Mara ya kwanza kijana anachelewa. Polepole anaanza kumwelewa mzee. Mpaka mwisho huwezi kujua nani anamfuata nani. Zakir alifariki Desemba mwaka huohuo.

Mjomba Salim: Innalillahi. Zuhura, nitafutie hiyo leo.

Zuhura: Ina damu nyingi, baba.

Mjomba Salim: Nitafumba macho, nasikiliza.

Idi: Sasa turudi kwenye kufanana, maana nina jibu la kazini. Mnajua nahariri video za harusi. Nikiwa nakata picha siwezi kukata kimyakimya, kwa hiyo naweka wimbo wowote wa kushikia mapigo, nia yangu niutoe baadaye. Namtumia bibi harusi aone kazi ilipofika. Amekwisha! Akishazoea kuingia ukumbini na wimbo ule, hata umletee mwingine mzuri mara kumi, ataukataa. Hollywood wana tabia hiyohiyo. Mhariri anaweka muziki wa filamu nyingine kwa muda, mwongozaji anausikia miezi, halafu mtunzi anaitwa anaambiwa: nataka hivi hivi, ila usiwe huu.

Zuhura: Na ndipo kesi zinapoanza. Vita vya mwanzo vya Gladiator, 2000, wenye haki za Gustav Holst walimshtaki Zimmer mwaka 2006 kwamba amefuata mno "Mars", kipande Holst alichokianza 1914. Wakamalizana nje ya mahakama. Na "Mars" nao una mapigo matano, kama wa Schifrin. Vita na tano ni marafiki wa siku nyingi.

Kaka Rashidi: Lakini Zimmer huyohuyo, kwenye Inception ya 2010, alichukua wimbo wa Edith Piaf unaosikika ndani ya filamu, akaupunguza mwendo mpaka pembe zikawa mlio ule mzito uliokuja kuigwa na matangazo yote ya filamu. Na kwenye hadithi yenyewe, kadiri unavyozama ndotoni ndivyo muda unavyorefuka. Alichukua cha mtu akakipa maana mpya, na hakuficha.

Mjomba Salim: Ule mlio kama honi ya meli inayoingia Bandari?

Kaka Rashidi: Huo huo mjomba.

Mjomba Salim: Basi ulipokuwa ndani ya hadithi yake, sawa. Siku hizi nausikia hata mtu akifungua mlango.

Mama: Mimi nauliza. Kuchukua muziki wa mwenzio ni kosa au si kosa? Maana marehemu Juma Bhalo, Mungu amrehemu, mahadhi mengi yalitoka picha za Kihindi. Akatia maneno yake ya Kimvita, na harusi haikunoga bila yeye. Hatukumwita mwizi hata siku moja.

Zuhura: Shangazi, umegonga palepale. Hatukumwita mwizi kwa sababu kila mtu ukumbini alijua mahadhi yametoka wapi, na alijua Bhalo ameongeza nini. Kuiga kwenyewe hakunisumbui. Linalonisumbua ni ngoma kuingia kwenye filamu bila anayeijua, bila jina la mpigaji, imechukuliwa kwenye faili la kompyuta lililoandikwa "Afrika" tu. Afrika ipi? Nani alipiga?

Idi: Hata wimbo wa James Bond una mambo hayo. Monty Norman alikuwa ameutunga kwanza kwa ajili ya mchezo wa jukwaani kutoka riwaya ya V. S. Naipaul kuhusu Wahindi wa Trinidad. Ulikuwa na sauti ya sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi. Mchezo haukufanyika, akautoa kabatini kwa filamu ya 1962, John Barry akaupanga upya, gitaa la umeme la Vic Flick likachukua nafasi ya sitari.

Mjomba Salim: Bond Mhindi! Usiku huu nimesoma mengi.

Kaka Rashidi: Na Barry huyohuyo ndiye wa Born Free, simba Elsa wa Kenya, Oscar mbili. Akarudi Kenya tena na Out of Africa, Oscar nyingine. Muziki mzuri sana, naupenda mpaka leo. Lakini ukiusikiliza huisikii sana Kenya ndani yake. Ni fidla za okestra ya Kizungu zinazotazama mbuga kutoka juu ya ndege.

Zuhura: Ndiyo maana nitamtetea Ludwig Göransson mpaka nichoke. Ni Mswidi, kazaliwa 1984, angeweza kukaa studio akanunua sauti. Kwa ajili ya Black Panther ya 2018 alikwenda Senegal akafuatana na Baaba Maal kwenye maonyesho yake. Huko akakutana na Massamba Diop, mpiga tama, ile ngoma ya kwapani inayobanwa ikasema. Akamwomba aliseme kwa ngoma jina la T'Challa, mfalme wa filamu hiyo. Ndilo unalosikia kila mfalme anapoingia. Sauti ya adui ni filimbi ya Kifula ya Amadou Ba, anapuliza huku anasema ndani yake, halafu chini yake ngoma za hip hop kwa sababu adui amekulia Oakland. Pia alikwenda Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey, na humo kuna nyimbo alizorekodi Tracey Kenya na Tanganyika miaka ya 1950.

Mama: Kwa hiyo za kwetu zimo humo?

Zuhura: Zimo, shangazi. Natamani siku moja mtunzi wa kwetu aende kuzisikiliza.

Kaka Rashidi: Lakini Zuhura, Oscar alipewa nani? Göransson. Massamba hakupewa.

Zuhura: Kweli. Na linaniuma. Ila jina lake nalijua, nawe sasa unalijua, na mtu akitaka tama anajua amtafute nani. Ngoma ngapi za picha za mapigano unaweza kusema hivyo?

Mjomba Salim: Samta Prasad. Zakir Hussain. Huyo Massamba. Andika hapo.

Idi: Sisi tuliokulia vibanda umiza hata huo muziki tuliupata nusu. DJ akianza kutafsiri, muziki unashushwa. Tulikuwa tunausikia pale tu anapovuta pumzi, na kwenye ngumi, maana ngumi hazihitaji tafsiri. Labda ndiyo sababu naupenda.

Idi: Halafu kuna jambo. Vijana wa Temeke wameniletea filamu yao fupi, dakika 12, wanapigana soko la samaki usiku. Nzuri. Nimeweka chini yake muziki wa kushikia, wa namna ya Zimmer, na sasa mwongozaji ameanza kuuzoea.

Zuhura: Utoe leo hii. Nitumie picha bila muziki.

Idi: Utafanya nini?

Zuhura: Kwenye kikundi chetu cha taarabu kuna mzee anapiga dumbak, akichangamka wacheza wanaomba maji. Akae mbele ya televisheni, aitazame mara mbili, ya tatu apige. Fidla yangu nitaiweka mwishoni tu, adui anapotoroka. Mapigo matano.

Mjomba Salim: Mapigo sita, sita kwa nane, Zuhura. Mzee wa dumbak usimfundishe kuhesabu.

Zuhura: Haya baba, sita kwa nane. Lakini alipwe kabla ya kupiga, na jina lake litoke peke yake kwenye kioo, si mwisho kabisa chini ya waliopika chai.

Idi: Nakubali. Kurekodi wapi?

Mjomba Salim: Hapa kwangu, chumba cha uani. Jumapili baada ya alasiri. Feni zizimwe, na watoto waende kwa jirani.

Kaka Rashidi: Malipo ya mzee nayabeba mimi. Ila jambazi anaporuka ukuta, niachieni mlio mmoja tu wa honi ya meli.

Mjomba Salim: Mmoja. Na uwe mfupi.