Chatu wa mwanangu hajala wiki ya 7 sasa, naombeni ushauri

Mama Nasri (Minneapolis)

Assalam aleykum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Kwetu nyoka akionekana uani ni mayowe na fimbo, hakuna anayeuliza kama amekula au hajala. Jana nimekaa sakafuni hadi saa sita usiku nikimtazama chatu akimgeuzia panya kisogo, na machozi yananilenga.

Mwanangu ana miaka 14. Amezoa theluji kwa majirani msimu mzima wa mwaka jana, akaweka pesa, na Oktoba hii akanunua chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja duara kama mpira akiogopa, Python regius. Ni dume, hajafika mwaka mmoja. Alipokuja alikuwa na gramu 410. Mara 3 za kwanza alikula vizuri, panya wadogo weupe, hai, tuliouziwa palepale dukani. Halafu tukashauriwa tuhamie panya wakubwa wa kugandishwa, kwamba ni salama na bei nafuu. Tangu hapo, mwishoni mwa Novemba, hajatia kitu kinywani.

Tunamjaribu kila baada ya siku mbili. Nasri anamtoa, anampapasa, anambembeleza, anamrudisha. Tangi ni la kioo, la galoni 40, juu lina wavu. Ndani tumetandaza randa za mbao, kuna bakuli la maji na gogo moja la kujificha. Kipimo kilichobandikwa kwenye kioo kinasoma nyuzi 32. Leo asubuhi amepimwa gramu 388.

Mtoto ameanza kuniuliza kama atakufa. Sijui nimjibu nini.

KobeMzee (Leicester)

Waaleykum salaam, dadangu. Pole, na mwambie Nasri nimesema hafi.

Ninafuga aina hii mwaka wa 11 sasa. Ninaye dume mkubwa ambaye kila majira ya baridi husimama kula miezi mitatu, minne, na afya yake ni njema. Wako amepungua gramu 22 kati ya 410, yaani asilimia 5 na kidogo. Ikifika 10 ndipo uhangaike. Uzuri ni kwamba mnampima. Wengi hukisia kwa macho. Endeleeni na mizani ya jikoni mara moja kwa wiki, siku ileile, na mtoto aandike.

Ila nikisoma maelezo yako simwoni nyoka anayechagua chakula. Namwona nyoka mwenye hofu. Nijibu haya:

Unyevu ni asilimia ngapi? Hujautaja kabisa.

Hicho kipimo cha kubandika kinapima hewa iliyo karibu na kioo. Pale chini anapolaza tumbo mmepima?

Na hilo gogo liko upande wa joto au wa baridi?

Chaguo la Kati (Houston)

Rudisheni panya hai tu, basi. Alizoea hivyo. Mtumbukizie mmoja, uwaache usiku kucha, asubuhi utakuta kamaliza.

KobeMzee

Ndugu yangu, hapana, na nasema kwa uchungu maana nimeshamtibu nyoka wa aina hiyo. Chatu asiye na njaa humwacha panya azurure, na panya akiona njaa huanza kumtafuna yeye. Niliyeletewa alikuwa ametafunwa mgongoni hadi nyama ikaonekana. Usimwache panya hai na nyoka usiku kucha, hata siku moja.

Jirani wa Bagamoyo

Mama Nasri, nisamehe, mimi nimeogopa tangu mstari wa kwanza. Huyo ni chatu, na mtoto analala nyumba hiyohiyo. Si mumrudishe alikotoka?

Mama Nasri

Jirani, hofu yako naijua, ni yangu. Lakini huyu hana sumu, na akikomaa hupita mita moja kwa kidogo, si yule wa mitoni kwetu anayemeza mbuzi. Tumeshamchukua, ni amana. Wala simwezi mtoto aliyezoa theluji mwaka mzima nikamwambia nimemtupa mnyama wake.

KobeMzee, nimenunua kipimo cha kidijitali chenye waya. Upande wa joto, chini, ni nyuzi 26. Unyevu asilimia 24. Nimerudia mara mbili nikidhani kimeharibika.

KobeMzee

Hakijaharibika. Nyie mko Minnesota, Januari, na tanuri la kupashia nyumba joto linawaka mchana na usiku likikausha hewa. Unyevu kidogo unaobaki unatoroka juu kwenye wavu. Nyoka huyu anatoka savana za Ghana, Togo na Benin, na kule mchana hukaa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa: giza, joto, unyevunyevu, pamebana. Nyie mmempa uwanja mweupe na mkavu. Na kwa nyuzi 26 hata akila, tumbo litasaga kwa shida.

Fanyeni hivi. Upande wa joto ufike 31 hadi 33, na kifaa cha joto kiungwe kwenye themostati, yaani kidhibiti cha joto. Bila themostati mtamchoma. Upande wa pili ubaki 25 hadi 27. Wavu ufunikeni karibu wote kwa karatasi ya alumini, isipokuwa panapokaa taa. Randa zitoeni, tandikeni makumbi ya nazi yaliyosagwa, mwagieni maji pembeni hadi unyevu ufike 60 hivi. Kisha mapango mawili yanayofanana, moja joto, moja baridi, madogo kiasi kwamba akijikunja ubavu unagusa kuta. Asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Kuta tatu za kioo zizibeni kwa karatasi nyeusi, majani ya plastiki yajae.

Halafu lililo gumu kwa mtoto: siku 10 asiguswe. Asipewe chakula, asitolewe, asipapaswe. Maji tu. Kila mnapomtoa na kumwonyesha panya kila siku mbili, mnamfundisha kwamba panya akija, usumbufu unafuata.

Mkiona anapumua mdomo wazi, mapovu, sauti ya kukoroma, au vidudu vyeusi vya utitiri kwenye magamba, hapo msingoje siku 10. Daktari anayejua reptilia, siku hiyohiyo.

Mama Nasri

Makumbi! Bibi yangu akiyafukia kwenye tope la pwani, akayatwanga, akasokota kamba. Leo nimeyanunua Minneapolis yamefungwa kama tofali.

Mtu wa Panya (Morogoro)

Nyoka sifugi, kazi yangu ni panya. Nichangie moja tu.

Panya hawa wa dukani, wadogo na wakubwa, asili yao ni Asia. Kwa chatu huyu harufu zao ni mbili tofauti kabisa, na aliyeanza na mmoja huweza asimtambue mwingine kuwa ni chakula. Kwao Afrika hula, pamoja na wengine, jamii ya panya shamba, Mastomys, haohao wanaofukua mbegu za mahindi huku kwetu. Wafugaji wa nyoka huko ughaibuni huwazalisha makusudi kwa ajili ya nyoka wagumu. Hata hivyo msikimbilie huko, maana akimzoea huyo, wa dukani anaweza kumkataa. Rudini kwa panya mdogo mweupe aliyemjua, ila wa kugandishwa.

KobeMzee

Ahsante sana, hilo ndilo nilikuwa nakuja nalo. Mtoeni kwenye friza jana yake, alale ndani ya jokofu. Usiku, mtieni kwenye mfuko, mfuko kwenye maji ya moto ya bomba mpaka ndani kusiwe na ubaridi. Maikrowevu marufuku, atapasuka. Mkausheni, halafu kichwa pulizieni kikausha nywele hadi kizidi mwili kwa joto. Chatu ana vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto, na panya wa vuguvugu asiye na kichwa cha moto kwake ni kipande cha mti. Taa zizimwe. Koleo refu, mlangoni mwa pango, mtikise kidogo kama anayetembea. Akikataa, dakika 10, ondokeni, mtarudi wiki ijayo. Na mikono kwa sabuni, reptilia huweza kubeba vijidudu vya salmonela, msimwandalie jikoni.

Mama Nasri

Jamani.

Siku ya tano tulimwona usiku ametoa kichwa nje ya pango, hajawahi. Siku ya tisa macho yalikuwa maangavu na ulimi haupumziki. Nasri alivumilia zote 10, ingawa alikuwa akija kukaa mbele ya tangi kimya kama anayemwuguza mtu.

Jana ndio tumejaribu. Nilishika koleo mimi, mkono unatetemeka. Alimtazama panya kwa muda ambao nimeona kama saa nzima, shingo ikajikunja herufi S, kisha sikuona kitu, nilisikia tu. Alipomviringa panya, Nasri akaniziba mdomo kwa kiganja, nisipige kelele.

Ameandika kwenye daftari: 26 Januari, saa 4:40 usiku, panya 1, gramu 21.

Sasa niambieni, yule panya mkubwa nimrudie lini?

KobeMzee

Alhamdulillahi. Wadogo kwanza, mara 3 mfululizo, kila baada ya siku 7. Halafu chukua mtoto wa panya mkubwa, wa kugandishwa, asizidi unene wa tumbo la nyoka, na akishayeyuka umsugue kwenye randa zilizotumiwa na wale wadogo hai wa dukani, anuke kama wao.

Na Nasri asimguse nyoka mpaka kesho usiku, saa 48 zitimie, la sivyo anaweza kumtapika panya.

Mama Nasri

Nimeshamwambia. Amebandika karatasi kwenye kioo.