Askari kanzu wakikusimamisha utajuaje ni polisi kweli?

kijana_bamburi: Wadau salama? Juzi magharibi tulikuwa kwa stage ya boda, ikaja Subaru haina alama yoyote, wakashuka wanaume wanne wa jeans na kofia, mmoja bastola imetokeza kiunoni mwingine kashika AK wazi wazi na pale pana watoto wanatoka madrasa. Wakataka vitambulisho. Mmoja wetu kuuliza tu "kwani nyinyi ni kina nani" akazabwa kofi. Hawakuchukua mtu, wakaenda zao. Swali langu, majambazi nao siku hizi wana pingu na redio kol, sasa mimi nitawatofautisha vipi? Na nikiambiwa ingia gari niingie?

sheria_kidogo: Uliza jobu kadi na anatoka stesheni gani, kila afande anayo hata akiwa kanzu. Kifungu cha 49 cha katiba ya Kenya kinasema lazima uambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoelewa, uruhusiwe kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya masaa 24. Halafu Agosti 2024 baada ya yale maandamano ya Gen Z Mahakama Kuu iliagiza polisi wa maandamano wasifiche sura wala namba zao.

MamaHalima: Sheria iko kwa karatasi, kofi liko kwa shavu 😂 Hilo agizo lilitoka na 2025 tukawaona tena wamejifunika nyuso. Kijana ameuliza tu akala kofi, wewe wamwambia aombe kadi.

mtoto_wa_afande: Tusiwatupe wote jamani. Babangu alifanya kanzu miaka mingi, huwezi kumfuata muuza unga na yunifomu na buti. Lakini kazi ile ni ya kunyemelea mtu mmoja unayemjua, si kushuka kwa stage na AK kukagua vitambulisho vya watu kumi, hiyo ni doria na doria ina yunifomu, ina jina kifuani, ina landrova ya polisi. Hapo ndipo pameharibika. SSU, kile kikosi maalum cha DCI kilicholaumiwa kwa kupoteza watu, ilivunjwa Oktoba 2022 tukadhani imekwisha, kumbe tabia imebaki.

dereva_wa_likoni: Kwa gari usipigane nao, bunduki haina mjadala. Piga kelele utaje majina yako yote matatu na namba ya mtu wa nyumbani, walio pale wachukue video. Pleti waziandike ila wasizitegemee, kuna gari zabadilisha pleti.

kijana_bamburi: Na wakinizuia kupiga kelele?

dereva_wa_likoni: Basi ni wenzako sasa. Wasingoje asubuhi, wazunguke stesheni zote za karibu usiku huo huo waulize kama jina lako liko kwa OB, lile daftari la matukio la polisi, na kama haliko wasiondoke mpaka waandikishe kwamba umechukuliwa, wapewe na namba ya OB.

MamaHalima: Na waende wengi, si mmoja.