Mama kabadilishiwa nyonga, mguu unavimba kila jioni, ni kawaida au nianze kuogopa?

BintiChikongola
Habarini za humu wapendwa. Naandika toka Mtwara mjini, mama angu ana miaka 68, aliteleza uani wakati anaanua nguo nyonga ikavunjika, ikabidi tumpeleke Dar akawekewa nyonga ya bandia mguu wa kulia. Leo siku ya 22. Wiki mbili na nusu alikuwa hospitali na kwa kaka, jumamosi ndo tumemrudisha nyumbani kwa gari dogo, njiani tunasimama simama, Kibiti, Nangurukuru, Lindi, anashuka anajinyoosha na woka yake tunaendelea.

Sasa kule kwa kaka mguu ulikuwa umeshaanza kunywea kabisa, toka tufike huku kila ikifika jioni unavimba kuanzia gotini mpaka vidoleni, nikibonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba kinabaki kishimo kama nimebonyeza unga wa chapati. Asubuhi akiamka umepungua, ndala inaingia vizuri, saa kumi jioni ndala hiyohiyo haiingii. Halafu nyuma ya paja kuna weusi weusi umeshuka mpaka chini ya goti. Homa hana, kidonda kimekauka, anakula, mchana anakaa barazani na wageni wanaokuja kumpa pole.

Mamdogo yeye anasema hiyo ni damu mbaya imetuama, kashachemsha maji na mwarobaini anataka amkande halafu amchue na mafuta ya nazi. Mie nimegoma, basi hapa ndani tunapishana koridoni hatuongei. Nimwachie au?

Mtukwao_80
Pole sana. Mwachie mamdogo, bibi yangu alichuliwa siku tatu tu akawa anatembea mwenyewe kwenda kisimani. Maji ya moto hayajawahi kumdhuru mtu.

NesiWaKusini
Mtukwao bibi yako aliteguka, huyu mama kafunguliwa nyama na mfupa ukakatwa, usifananishe jamani.

Dada asichuliwe. Narudia, ASICHULIWE hasa kigimbi. Mtu aliyefanyiwa operesheni ya nyonga damu yake huwa rahisi kuganda kwenye mishipa ya mguu, na wewe juu ya hapo umemkalisha kwenye gari zaidi ya kilometa 500. Kama kuna bonge la damu limejificha humo ukilisugua linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu, hapo ni habari nyingine. Maji ya moto nayo kwa wiki hizi yanaongeza uvimbe tu.

Unavyoelezea, unapanda jioni unashuka asubuhi, na ule weusi unateremka, mara nyingi ndo uvimbe wa kawaida wa operesheni. Damu na maji vilivyovuja kule juu kwenye nyonga vinafuata mteremko kama kitu kingine chochote, ndo maana unakuta mtu kapasuliwa nyonga anavimba kifundo. Unaweza kwenda hivyo miezi mitatu, wengine mpaka sita.

Lakini mie siwezi kumpima mtu kwa simu na uvimbe umeongezeka baada ya safari, kwa hiyo kesho mpeleke hospitali wamwangalie, wakiona inafaa watampiga ultrasaundi ya mishipa ya mguu. Usisubiri kesho, nenda usiku huohuo, kama kigimbi kinauma kikishikwa, kimekuwa kigumu, cha moto au chekundu, au uvimbe haushuki hata akilala usiku kucha. Na akibanwa pumzi, kifua kikichoma au akakohoa damu hapo hata usioge, kimbia. Hata homa ikianza au kidonda kikatoa usaha usingoje.

Azima futi ya fundi cherehani umpime vigimbi vyote viwili, kila asubuhi sehemu ileile. Huo wa operesheni lazima uwe mnene kidogo, ila ukikuta umezidi mwenzie zaidi ya sentimita 3, waambie.

Maswali: dawa ya kuzuia damu isigande alipewa? Anaimaliza? Watu wengi wakifika nyumbani wanaiacha kwa sababu "maumivu yameisha", wakati haikuwa ya maumivu. Na asichanganye na diklofenaki za dukani bila kumuuliza dokta, zinaweza kumtoa damu tumboni. Halafu ana presha? Amlodipini, dawa ya presha, nayo huvimbisha miguu, ila hiyo kwa kawaida ni yote miwili. Msiiache wenyewe lakini.

MzeeWaMasasi
Mwanangu pole ya kuuguza. Mie nilibadilishiwa ya kushoto 2019, gegedu, ule mto laini wa kwenye kiungo cha mifupa, lilikwisha lote. Nesi kamaliza, mie naongezea kimoja ambacho umekipitia haraka haraka: hao wageni. Mama anakaa barazani kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Maana mie ndo kilichonivimbisha. Sisi huku mgonjwa akirudi toka Dar mtaa mzima unakuja, na wewe huwezi kumwambia mtu aliyetoka Chiungutwa na kuku wake kwamba unakwenda kulala. Unakaa miguu inaning'inia toka asubuhi, mguu wangu jioni ulikuwa kama mhogo wa mwaka wa pili.

Mtu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, akaniambia nusu saa, saa moja mwisho, kisha nainuka natembea kidogo na kwenda kulala chali, mguu mzima juu ya mito kuanzia kigimbi mpaka kisigino, upite usawa wa moyo. Sio mto mmoja chini ya goti. Na sio kumkalisha kitini kisha unamnyanyulia mguu juu, hapo unamkunja nyonga na yeye haruhusiwi kuvuka pembe ya 90. Akiwa amelala apige pedeli, vidole kuja kwake, vidole kwenda mbele, mara 20 kila saa. Barafu dakika 15 ukiwa umeviringisha kwenye kanga, usiweke kavu kwenye ngozi.

BintiChikongola
Shikamoo baba, asante nesi. Tumetoka hospitali. Vigimbi vimepishana sentimita 2, wamempiga ultrasaundi hakuna bonge. Dawa ya damu kumbe aliacha siku nne, alidhani ni panado za bei ghali. Kairudia kama dokta alivyoelekeza.

Wageni sasa wanaingia chumbani, wao mkekani yeye kitandani miguu juu, anasema anajiona bibi harusi. Mamdogo nimempa kazi ya barafu, anashika saa ya simu hataki hata dakika izidi. Tunatumia barafu za ubuyu zilizokuwa kwenye friji ila zinapungua, watoto wanakula dawa ya bibi yao.

Baba, choo chetu cha kuchuchumaa, wewe ulifanyaje?

MzeeWaMasasi
Marahaba. Fundi seremala alinitobolea kiti cha mbao. Mpime mama akiwa amesimama, toka chini mpaka nyuma ya goti, kiti kizidi hapo vidole vinne, na kiwe na mikono ya kushikia.

Mtukwao_80
Nimefuta ushauri wangu kichwani, wa kwenye uzi umegoma kufutika.