Mbio kali: zinagandisha damu au zinaiyeyusha?

Shangani_Alfajiri: Wakuu, kwenye jogging yetu hapa Mtwara wengine wanashikilia kwamba mbio kali hugandisha damu, wengine wanakataa katakata. Tunakwenda Mikindani na kurudi, kama kilomita 20, na wapo wanaotoka hapo moja kwa moja kupanda basi la Dar. Nani yuko sahihi?

Maabara_Kusini: Wote, mkuu. Ukikaza mwendo adrenalini inapanda, wengu unamwaga chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, na utando wa ndani wa mishipa unaachia fakta ya 8, protini ya kugandisha damu, pamoja na fakta ya von Willebrand, ile gundi inayonasa chembe sahani. Papo hapo utando huohuo unaachia tPA, protini ambayo huamsha kimeng'enya cha kukata nyuzi za fibrini, zile zinazoshikilia donge la damu. Mizani inakaa sawa. Tatizo ni baada ya mbio: tPA inashuka upesi, fakta ya 8 inabaki juu kwa saa kadhaa. Sasa chukua saa hizohizo umkalishe mtu kwenye siti, magoti yamekunjwa, jasho halijafidiwa, hadi Dar! Basi lisubiri kesho yake. Mwendo wa wastani, ule unaoweza kuongea huku unakimbia, huamsha zaidi upande wa kuyeyusha.

Halafu alfajiri kizuizi cha tPA ndipo kinapokuwa juu, kwa hiyo anzeni polepole dakika 10 hadi 15.

Fiziolojia_Tu: Naongeza kuhusu mishipa. Damu ikipita kwa kasi, utando hutengeneza naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, na mishipa ya miguu inatanuka. Noradrenalini na endothelini, kemikali za mwili, zinabana mishipa ya kwingine, mfano figo. Ukiacha kukimbia na kusimama ghafla, misuli ya mashavu ya miguu inaacha kusukuma damu na mishipa bado iko wazi: damu inatuama miguuni, presha inashuka, mtu anaanguka. Mkimaliza mbio, tembeeni dakika 10 kwanza.

Dada_Mingoyo: Joto letu hili la pwani, pimeni uzito kabla na baada, bila nguo zilizolowa. Kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho. Mwenye kilo 70 asipungue zaidi ya kilo 1.4. Dafu ni zuri lakini lina chumvi kidogo, kula na kitu cha chumvi.

Shangani_Alfajiri: Ahsante dada. Na aspirini kabla ya mbio?

Maabara_Kusini: Bila daktari, hapana, inaweza kuvujisha damu tumboni. Aliyewahi kuganda damu, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, na anayetumia vidonge vya majira vyenye estrojeni, amuulize daktari kwanza. Shavu la mguu mmoja tu likivimba, lina joto na linauma, msilikande. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa na kifua au pumzi, dakika hiyohiyo.