Hashim Rungwe amegombea urais mara tatu: wagombea wa namna hii wana faida gani kwetu?

Mpiga Kura wa Temeke
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Wakili Hashim Rungwe aligombea urais 2010 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akapata kura 26,388. Mwaka 2015 akarudi na CHAUMMA, chama anachokiongoza mwenyewe, akapata 49,256. Mwaka 2020 akaingia tena, mara hii na ile ahadi ya kulisha watu ubwabwa, yaani wali, kwenye mikutano, akapata 32,878. Mwaka 2025 akampisha Salum Mwalimu aliyetoka CHADEMA. Swali langu: mtu anayegombea akijua hashindi anaisaidia demokrasia yetu, au anaifanya watu waizoee kama mchezo? Mimi naona anasaidia, maana karatasi ya kura yenye majina mengi ni uhuru.

Kijana wa Mbozi
Anasaidia nini? Tangu 2005 ni yeye yule, kura ni zile zile. Wakili aliyekosa kesi ndiye anayetafuta urais. Na ule ubwabwa ulikuwa wa kuwavuta watu wa Pwani tu. Wale ukiwatajia ubwabwa uwanja unajaa, sera hawaulizi.

Mwanamke wa Mafia
Rudia hiyo ya Pwani tafadhali. Mimi ni mtu wa Pwani, nimelelewa kwa mhogo, samaki na nazi, na nimepiga kura tangu nitimize miaka kumi na minane bila kuhongwa hata sahani moja. Kama Pwani inauza kura kwa ubwabwa, hizo kura zake ziko wapi? Elfu thelathini na mbili kwa nchi nzima, Bara na Visiwani! Dar es Salaam peke yake ina wapiga kura mamilioni. Tena mwaka wa ubwabwa ndio kura zilipungua. Umetukana watu kwa jambo ambalo hesabu yenyewe inalikanusha.

Wakili wa Mkoani
Kwanza, 2005 Rungwe hakugombea. Unamchanganya na Mchungaji Mtikila wa chama cha DP. Pili, hilo la "wakili aliyekosa kesi" linatoka wapi? Mimi niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na nne. Wakili mwenye kesi nyingi ndiye anayejua sheria zinavyowaumiza watu, kwa hiyo siasa inamwita. Tundu Lissu ni wakili. Mabere Marando ni wakili. Nao walikosa kesi?

Kijana wa Mbozi
Lissu usimtaje hapa, alipata kura 1,933,271 mwaka huo huo wa 2020 na akakataa matokeo. Huyo alikuwa anagombea kweli. Nazungumzia wanaoongeza majina. Wagombea walikuwa kumi na watano, nani hapa anaweza kuwataja wote bila kutafuta? Na dada wa Mafia, sijatukana mtu. Ubwabwa ni neno la Pwani na chakula cha Pwani, kila mtu anajua.

Mwanamke wa Mafia
Mchele wenyewe unatoka kwenu! Kyela, Mbarali, huko huko Nyanda za Juu. Sokoni kwetu mchele wa Kyela ndio wa bei. Ninyi mnalima, mnakula, mnauza, halafu anayekula ubwabwa ni mtu wa Pwani?

Kijana wa Mbozi
Mbozi ni kahawa na mahindi. Kyela ni kwingine kabisa, iko ziwani. Usituchanganye.

Mwanamke wa Mafia
Unaona inavyouma kuchanganywa? Na wewe umeikusanya Pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara ukaitia kwenye sufuria moja.

Mzee wa Ujiji
Kijana wa Mbozi, ubwabwa wa shingo haujakutoka, ndiyo maana unausema vibaya. Mwaka 1995 nilikuwa msimamizi wa kituo. Nimewaona akina mama wametembea tangu alfajiri kwenda kusikiliza mgombea, wanasimama juani hadi alasiri, wanarudi na kofia. Kofia hailiwi. Rungwe alilisema wazi lile ambalo wenzake walilifanya usiku. Hilo tu linatosha kumheshimu.

Kijana wa Mbozi
Shikamoo mzee. Lakini umenitukana kwa umri wangu badala ya kunijibu. Nina miaka ishirini na sita na mtoto mmoja. Mimi ndiye ninayetafuta ajira sasa hivi, si ninyi. Kila mara kijana akiuliza swali anaambiwa hajakua. Nimeuliza mtu huyu ametuletea nini, hakuna aliyejibu.

Wakili wa Mkoani
Mzee, nakuheshimu, ila hapo kwenye "alilisema wazi" naomba tuwe waangalifu. Sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika ya wanasheria ya LEAT na NOLA wakaenda Mahakama Kuu, na 2006 majaji wakavifuta vile vifungu kwa sababu vilimpendelea mwenye fedha na kumnyima maskini nafasi sawa. Kushinda kesi ile kulitutoa jasho kama taifa. Kwa hiyo wakili anaposimama 2020 na kuzungumzia kulisha watu kwenye mkutano, mimi roho inaniuma, hata kama nia yake ilikuwa kuisema njaa. Anaijua sheria kuliko msikilizaji wake.

Mama Lishe Mbagala
Samahani naingilia. Hapa mnasema njaa, sheria, Pwani. Mimi napika. Kwenye mikutano ya kampeni nafuata watu na ndoo zangu, chama chochote. Anayekuja mkutanoni hana hela ya kula, ndiyo maana siku hizo siuzi sana kama mnavyodhani. Watoto wanasimama mbele ya sufuria wananitazama. Aliposema ubwabwa watu walicheka, mimi sikucheka. Nilijua anawaona.

Mpiga Kura wa Temeke
Asante mama. Lakini naomba turudi kwenye swali: wanasaidia demokrasia au hapana?

Kijana wa Mbozi
Mama, nakuelewa. Ila kumwona mwenye njaa na kumtoa kwenye njaa ni mambo mawili. Namrudisha wakili kwa Mtikila aliyemtaja mwenyewe. Mtikila hakuwahi kukaribia Ikulu, lakini kesi yake ilitufanya leo mkutano wa hadhara uwe wa kutoa taarifa polisi, si kuomba kibali. Aliipigania haki ya mgombea binafsi toka miaka ya tisini, Mahakama ya Rufani ikamkatalia 2010, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda 2013. Alishindwa kwenye kura akashinda kwenye hoja. Naulizia hoja ya Rungwe ni ipi. Yeye ndiye mwanasheria kati yao, mwenzake alikuwa mchungaji!

Wakili wa Mkoani
Hapo umesema la maana. Na mgombea binafsi hadi leo hajaruhusiwa, kwa hiyo hukumu ya Arusha iko kwenye karatasi. Ongeza Ibara ya 41(7) ya Katiba: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mwanasheria mmoja aliipeleka Arusha nayo, na Julai 2020 mahakama ikasema inakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Miezi mitatu baadaye tukapiga kura kwa ibara ile ile. Wagombea wote walioingia 2020, wa kura milioni na wa kura elfu, waliingia wakiijua. Tuwaulize wote, si Rungwe peke yake.

Mzee wa Ujiji
Basi swali si Rungwe tena, ni hiyo ibara.

Mpiga Kura wa Temeke
Mzee, mimi ndiye niliyeuliza, na swali langu lilikuwa Rungwe.

Mwanamke wa Mafia
Na mimi bado nasubiri. Mambo ya Arusha ni mazuri, nimejifunza, lakini kuna mtu hapa alisema watu wa Pwani hawaulizi sera.

Kijana wa Mbozi
Dada, kwa hilo la Pwani nilikosea na nimelifuta. Hesabu yako ya kura 32,878 sina jibu lake. Kuhusu Rungwe sijabadili.

Mwanamke wa Mafia
Nimepokea. Kuhusu Rungwe na mimi sikuwahi kumpigia kura.

Mama Lishe Mbagala
Mimi nilimpigia.