Presha kuka imefunguka ikiwa na mvuke, duka linataka kutubadilishia nyingine. Tukubali?

Mkaazi_Kisauni (swali)

Habari zenu wadau. Ni presha kuka ya umeme ya lita 6, ina miezi minne tu na dhamana yake ni ya mwaka mmoja. Kifuniko kimefunguka maharagwe yakiwa bado yanatokota, dada wa kazi akaungua kifua na mkono wa kulia, na mpaka sasa anaenda kubadilishwa bendeji. Duka linasema tuwarudishie chombo watupe kipya, na kuna karatasi ya kusaini. Kadi ya dhamana imeandikwa kwamba kampuni haihusiki na majeraha. Nililipa kwa M-Pesa, risiti ya karatasi sina. Tunayo haki gani hapa, na tuanzie wapi?

Sheria_na_Soko

Pole sana kwake. La kwanza kabla ya yote: chombo hicho kisitoke nyumbani kwako. Siku utakayokirudisha dukani, ushahidi wako umekwenda nacho, na watakachokuja kusema baadaye kuhusu hali yake hutaweza kukipinga. Usikioshe, usikichomeke umeme, usimpe fundi wa mtaani akifungue. Kipige picha pande zote, na kibandiko cha chini chenye modeli na namba ya serial ya bidhaa. Kisha kitie kwenye katoni yake pamoja na kifuniko, mpira na waya, ufunge kwa utepe wa gundi na uandike tarehe.

Hiyo karatasi ya kusaini isome hadi mstari wa mwisho. Mara nyingi ndani yake kuna maneno kwamba umeridhika na huna dai lingine lolote. Ukisaini, umeuza dai la majeraha kwa bei ya sufuria.

Kuhusu kadi ya dhamana: Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya Kenya ya 2012 inasema haki zake zinabaki hata mteja akiwa amekubali vinginevyo. Katiba nayo, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kulipwa kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa. Maandishi ya kadi hayaifuti.

Risiti isikusumbue. Ujumbe wa M-Pesa wenye jina la duka unatosha kuonyesha ulinunua wapi na lini. Omba na taarifa ya miamala ya mwezi ule, maana ujumbe hufutika. Ukipeleka picha ya skrini mahakamani, iambatanishe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

Fundi_Voltage

Niongeze upande wa chombo, kwa sababu duka litasema mmoja kati ya mambo mawili: mlijaza kupita kiasi, au alilazimisha kufungua.

Mdomo wa chungu cha lita 6 una upana wa sentimita 22 hivi. Kikiwa kwenye kilopaskali 70 (kipimo cha presha), mvuke unakisukuma kifuniko kwa nguvu ya takriban kilo 270, na meno ya kifuniko yanabana kiasi kwamba ni vigumu kukizungusha. Hatari kubwa iko kwenye presha iliyobaki. Kilopaskali 5 peke yake ni kilo 19 tu, mkono unazungusha bila kuhisi kitu. Na maji yaliyokuwa nyuzi 115 yakikutana na hewa huchemka kwa mpigo mmoja, yanarusha chakula chote nje.

Kazi ya kuzuia hilo ni ya ile pini ndogo inayopanda mvuke ukijaa. Ikiwa juu, inaziba njia ya kitasa cha ndani na kifuniko hakigeuki. Kwa hiyo swali lote ni: pini ilikuwa wapi? Kama ilikuwa juu na kifuniko bado kikageuka, kitasa ni kifupi, plastiki imelika au imepinda, na hiyo ni kasoro ya kiwandani. Utaona mikwaruzo mipya au plastiki nyeupe iliyovunjika pale pini inapogusana na kitasa. Kama tundu lake liliziba kwa povu la maharagwe pini ikiwa chini, chombo kinaweza kushika presha bila kujifunga. Hapo duka litasema ni uchafu wenu. Lakini hata hivyo angalia kitabu cha maelekezo: kilieleza kwamba maharagwe yasizidi nusu ya chungu, na jinsi ya kusafisha tundu? Kama hakuna onyo, au alama za ujazo ndani ya chungu zimekosewa, hiyo nayo ni kasoro.

Kipimo ni rahisi: chombo kikiwa baridi na kimetolewa kwenye umeme, pini inasukumwa juu halafu unajaribu kugeuza kifuniko. Kinapaswa kukataa. Ila usifanye mwenyewe. Afanye mhandisi, duka likiwa limealikwa kwa maandishi, na video ikirekodi.

Kama kilitoka Marekani kwenye maboksi ya mizigo, angalia orodha ya bidhaa zilizoitwa zirudishwe. Novemba 2020 Sunbeam iliziita Crock-Pot Express zaidi ya 900,000, kwa sababu presha iliweza kujaa kifuniko hakijafunga sawasawa.

Mkaazi_Kisauni

Nashukuru sana. Sasa M-Pesa ni yangu, aliyeungua ni dada wa kazi. Nani anadai?

Sheria_na_Soko

Nyote wawili, kila mtu dai lake. Wewe una mkataba wa mauzo na duka: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kifae kwa kazi yake. Kwa hilo una miaka 6 ya kufungua kesi. Yeye hakununua chochote, lakini tangu kesi ya Uingereza ya Donoghue na Stevenson ya 1932 mtengenezaji anawajibika kwa mtumiaji hata kama hana mkataba naye. Muda wake ni miaka 3 tu tangu siku ya ajali.

Aanze na ripoti ya daktari inayotaja kina na ukubwa wa kuungua, na uwezekano wa kovu. Risiti za dawa, bendeji na nauli aziweke zote, hata ya matatu. Mahakama za Kenya ni kali hapa: gharama isiyo na risiti hailipwi. Maumivu yenyewe ndiyo hukadiriwa na hakimu.

Andika barua ya madai kwa duka na kwa mwagizaji ambaye jina lake liko kwenye katoni, uwape siku 14. Wakikaa kimya, na dai halizidi shilingi milioni moja, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kujiwakilisha, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Kovu likiwa kubwa na fidia ikipita hapo, ni Mahakama ya Hakimu, na hapo tafuta wakili. Wakithibitisha alichangia kosa, fidia hupunguzwa kwa asilimia, haifutwi.

KEBS, shirika la viwango la Kenya, pia wajulishwe kwa simu 1545, bila malipo. Wao watafuata bidhaa sokoni, ila hawatakulipia hospitali.

Mdau_Temeke

Kwa walio huku Tanzania, wakuu: PF3 ya polisi (fomu ya majeruhi) ichukuliwe mapema, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) itunzwe, malalamiko yaende TBS (shirika la viwango) na FCC (tume ya ushindani). Muda wa kufungua kesi ya majeraha na wa mkataba ni miaka ileile, 3 na 6.