Mrejesho: pasi mbili, nimeshaenda nyumbani na nimerudi salama

Wadau habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kama mtu mwenye uraia wa nchi mbili anaonyesha pasi ipi akienda kutembea nchi aliyozaliwa. Asanteni sana wote mliojibu.

Nilichofanya ni hivi, kwenye kaunta ya ndege nikatoa zote mbili, maana wao shida yao ni kujua utaruhusiwa kuingia unakoenda, halafu uhamiaji wa kule nikaonyesha pasi ya kule, na kurudi nikaingia na ya huku. Sikuulizwa viza kabisa. Ila majina kwenye pasi zote na tiketi yafanane jamani, kama ulibadilisha jina ulipoolewa beba na cheti cha ndoa.

Halafu msichukulie poa, Marekani inataka raia wake waingie na kutoka kwa pasi ya Marekani, Kanada nayo tangu 2016 imekaza raia wake wanaoingia kwa ndege wawe na pasi ya Kanada. Na kama nchi yako hairuhusu uraia pacha, mfano Tanzania kwa watu wazima, basi wewe unaingia kama mgeni na huenda viza juu.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba ukipata matatizo ukiwa kule, ubalozi wa nchi yako mpya unaweza usikusaidie sana, kwa sababu kule unahesabika raia wao, mkataba wa Hague wa 1930 kuhusu uraia unasema hivyo. Wenye watoto hasa hili mliangalie mapema kabla ya kukata tiketi.